Ufa Juu ya Nyumba ya Dada

Kila asubuhi, nikishatoka kuswali, napanda kuutazama ufa. Uko nyuma ya nyumba ya dada yangu, juu kidogo ya jiko, umekata mlima kwa ubavu kama kisu kilichopita kwenye muhogo. Mvua za mwaka jana zilipokwisha, uliingia kidole. Sasa unaingia ngumi. Nimechomeka fimbo pembeni yake ili nijue unavyotembea.

Maana unatembea.

Hapo juu palikuwa na msitu mdogo wa ukoo wa mama yetu: mikangazi na mivule, na kwenye mizizi yake chemchemi. Maji yalishuka kwa mianzi iliyopasuliwa hadi kwenye birika la msikiti, na kitongoji kizima kikatawadha humo. Hakuna aliyepeleka shoka pale. Dada, aliyenitangulia kuzaliwa, alipafagia kila Alhamisi, akawasomea Fatiha wazee wetu waliotangulia, kisha akarudi kwenye migomba yake. Hakuwahi kuniambia kwamba ana furaha. Ila nilikuwa nikimwona akishuka na ufagio begani, nikajiuliza mtu asiye na hata redio ameupata wapi uso ule.

Mimi nilikuwa Morogoro mjini, kiwandani. Nilisoma hadi kidato cha nne nikadhani dunia nimeielewa. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mimi ndiye mjomba. Bila neno langu hakuna anayeugusa msitu wa ukoo. Lakini watoto wangu mwenyewe hawana chao hapa, wao ni wa ukoo wa mama yao. Jambo hilo lilinikereketa miaka mingi. Nikawaza: kama siwezi kuwaachia mlima, nitaugeuza mlima uwe nyumba.

Nikaja na wapasua mbao. Dada alitukuta mmoja wao anauzungushia mvule tepu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuwasalimia wazee, au kuwapima futi?"

Wapasua mbao wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Dada, miti hii imeshazeeka."

"Na wewe je? Tukukate?"

Akarudi kwenye ufagio wake. Mjomba akishasema, amesema. Yeye aliiheshimu mila, mimi niliitumia. Misumeno ilipoanza kunguruma, aliendelea kufagia chemchemi, unga wa mbao ukimwangukia kichwani.

Nyumba ikasimama mjini: dari, vigae, makochi, milango mizito ya mkangazi. Kutoka barazani niliiona milima yote, na hapo ndipo raha iliponitoka. Kila masika, wingu likikaa juu ya Uluguru, milango ile ilivimba na kukwama, kana kwamba imepata habari kuwa kwao kunanyesha. Nilikaa kwenye kochi nikisikiliza mbao zikilia. Watoto waliniletea televisheni kubwa zaidi. Nikaongeza sauti.

Huku mlimani maji yalichafuka kwanza, kisha yakawa uzi. Masika ya mwaka jana shamba la jirani liliporomoka. Migomba ilishuka bondeni ikiwa imesimama wima, na mikungu yake, kama watu wanaohama. Nilipanda kuja kumpa pole jirani, ndipo nikauona ufa, na chini yake dada yangu anapepeta mchele.

"Dada, tuondoke. Leo hii."

"Twende wapi? Sebuleni kwako, nikakae na milango yangu?"

"Mlima utakushukia."

"Najua. Nausikia." Akapuliza makapi. "Nikiondoka, chemchemi ataifagia nani? Majani yakiyaziba hayo matone yaliyobaki, basi tena. Miti umeiua wewe. Na maji niyaue mimi?"

Nilimbembeleza mchana kutwa. Binti yake aliyeolewa Mkuyuni alikuwa ameshamwandalia chumba, lakini dada hakutaka kusikia. Jua lilipokuwa linazama, lilinitoka neno ambalo sikulipanga.

"Basi nipe ufagio."

Akanitazama. "Wewe? Kwa mgongo huo?"

"Nipe, dada."

"Haya, mjomba wa tepu," akasema, akainuka kwenda kuuleta. "Leo ndiyo umesema kama mjomba."

Kesho yake alihamia Mkuyuni. Mimi nikabaki katika nyumba yake ya udongo, na kitanda chake cha kamba.

Nimepanda miche ya mikangazi kuizunguka chemchemi. Haijafika gotini, na kivuli chake si changu. Nafagia, naokota majani, nazibua mianzi. Alhamisi moja matone yalijaza ndoo, nikaipeleka msikitini. Mzee mmoja asiyeona alitia mkono, akautuliza humo kwa muda. "Alhamdulillahi," akasema, "haya ni maji ya juu." Aliyajua kwa ubaridi wake. Niligeuza uso ukutani. Siku niliyokabidhiwa funguo za nyumba mjini sikuhisi hata robo ya jambo lile.

Watoto wanapiga simu: "Baba, rudi, utafia huko." Nawaambia nyumba ni yao, wakae humo kwa amani. Sijui niwaelezeje kwamba nina furaha. Si neno zuri kulitamka chini ya ufa.

Dada nilimwahidi kwamba mvua ikianza nitakwenda kulala msikitini, ng'ambo ya korongo, penye mwamba. Nitakwenda. Ila masikio yangu siku hizi hayasikii manyunyu, na mlima huu hauangushwi na mvua ya kishindo. Huangushwa na manyunyu ya siku nyingi, yanayoingia ardhini bila kubisha hodi.

Leo ni Alhamisi. Wingu limeshuka hadi kwenye migomba na hakuna jani linalotikisika. Fimbo niliyoichomeka wima nimeikuta imeinama kuelekea nyumbani. Nimeinyoosha, nikaukanyaga udongo kuizunguka. Kisha nikachukua ufagio, nikapanda.