Koti Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Kuna watu wakipewa sifa huzitia mfukoni wakaenda zao. Fundi cherehani mmoja, waliyemwita Jicho Futi, zake alizivaa. Jina alilipata kwa sababu mteja akitoka mlangoni hadi kwenye kiti, yeye keshamjua kiuno, kifua na urefu wa mguu, bila kumgusa. Na mara nyingi alipatia. Ubaya ulianzia hapo, maana anayekosea kila siku hufundishwa adabu mapema.

Katika karakana yao mkataji ndiye mkubwa. Wengine hushona alichokata yeye. Mkataji wa zamani, mzee wa watu, alipoacha kazi kwa sababu ya macho kufifia, meza ya kukatia ikabaki wazi. Mwenye karakana akasema itashindaniwa na wawili: Jicho Futi na Mama Pacha, yule wa cherehani ya dirishani, ambaye akifanya kazi hujisemea kama anayegombana na kitambaa. Kila mmoja amkatie na kumshonea dereva wa karakana koti moja, kwa siku moja. Mshindi atakata. Mshindwa atashona atakachokatiwa.

"Nikishindwa na yule," Jicho Futi alimwambia mkewe, "bora nikapige pasi."

"Pasi nayo ina wenyewe, baba watoto. Usije ukaiunguza."

Siku ya shindano, kabla hata mkasi haujaguswa, alikuwa keshahamishia kikombe chake kwenye meza ya kukatia. Akamwita dereva. "Simama. Geuka. Basi, kakae." Mama Pacha yeye alimzungushia futi dereva kila mahali, hadi nyuma ya shingo.

"Dada, unanipimia koti au jeneza?"

"Tulia wewe. Jeneza ningekukadiria tu."

Kitambaa chenyewe kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Mkataji mwenye akili hukikunja kwanza, uso kwa uso, kisha hukata mikono yote miwili kwa pamoja. Kushoto na kulia hupatikana bila kuwaza. Lakini Jicho Futi aliona kukunja ni mambo ya wanafunzi. Akakitandaza wazi, akaweka karatasi yenye umbo la mkono, kata. Akaisogeza karatasi bila kuipindua, kata tena. Kilichobaki akakichanachana vileso vya mfukoni, akawagawia wenzake.

"Ukumbusho wa siku ya leo."

"Ahsante, fundi mkuu!" wakamchokoza. Yeye akasikia sifa tupu.

Kisha akakunja nne na chai yake. Mama Pacha alikuwa bado yuko kwenye chaki.

"Mama Pacha, nikuazime jicho moja?"

"Baki nalo, kaka. Utalihitaji."

Alasiri akaanza kuunga mikono. Wa kwanza ulikaa begani kama umezaliwa hapo. Wa pili ukakataa. Akaugeuza, kiwiko kikatazama mbele. Akaulaumu uzi, akabadilisha sindano, akasogea penye mwanga. Penye mwanga ndipo ulipoonekana vizuri zaidi kuwa nao ni wa kushoto. Na kitambaa cha kukatia mwingine? Kilikuwa mle mle karakanani, kimetapakaa mifukoni mwa watu, na mmoja keshakipengea kamasi.

Muungwana angesema nimekosea. Jicho Futi aliushona hivyo hivyo, akanong'ona, "Huyu dereva bega lake si la kawaida."

Dereva alipolivaa koti, mkono wa kulia ukamvuta kwenda nyuma, kiganja wazi.

"Fundi, huu mkono mbona kama unapokea kitu kidogo kisirisiri?"

Karakana ikapasuka kwa kicheko. Mama Pacha ndiye aliyezidi. Alicheka mpaka akakaa chini. Koti lake kola ilikuwa nzito kidogo, lakini dereva aliweza kushika usukani. Mwenye karakana hakuhitaji kufikiri.

Jioni, njiani, Jicho Futi alitunga uongo mzuri kuhusu kitambaa kibovu. Mlangoni ukamponyoka, akasema kweli.

"Yote miwili ya kushoto?" mkewe akauliza.

"Yote."

"Na jicho lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa linajitazama lenyewe, mke wangu." Wakacheka, ingawa yeye alicheka huku anauma mdomo.

Kesho yake Mama Pacha akamletea fungu la vipande vya koti. Jicho Futi alivikagua kwa uchu wa kukuta kosa. Akaona vijino vidogo vilivyotokeza pembezoni mwa mkono na penye kwapa. Akainua mkasi avipunguze, kama alivyozoea. Ukamgandia mkononi. Akainuka, akapita katikati ya karakana, macho yote juu yake.

"Mama Pacha, hivi vijino ni vya nini?"

"Unavikutanisha. Kimoja mbele, viwili nyuma. Ndivyo vinavyokwambia mkono upi ni wa wapi."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mzee, kaka! Miaka yote anakuwekea, wewe unavikata, unasema mkono wake unatetemeka."

Jicho Futi akakosa pa kuutia uso. Mle karakanani alikuwa hajawahi kumwita mtu yeyote fundi, ila mzee, na hata huyo kwa shida.

"Basi nionyeshe, fundi."

Mama Pacha akamsogezea kigoda cha wanafunzi. Akakaa, magoti yakamfika kidevuni, akaonyeshwa. Mara ya kwanza alivikutanisha vibaya.

"Fumua," akaambiwa.

Akafumua.