Miaka Yangu Kati ya Mji na Gati

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikanibana vidole njia nzima kutoka kwetu Muheza. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, mtu wa bara aliyeletwa pwani na kazi ya mashamba, na asubuhi ile alinishika kichwa akaniombea sala ndefu ya Kilutheri mpaka mama akamkumbusha kwamba ninachelewa. Nilifika kituo cha zimamoto nikiwa nimekwishachoka. Mkuu wa Kituo, mzee wa Kidigo mwenye sauti ya chini, aliitikia shikamoo yangu, akatazama miguu yangu, akaniambia nivue viatu nikae.

"Hapa hutashika mpira wa maji," alisema. "Utashika simu. Anayepiga hapa ameshapagawa, Veronika. Wewe usipagawe naye."

Ndivyo nilivyoingia chumba cha mawasiliano. Vijana wa leo wanadhani moto unazimwa na maji peke yake. Kabla ya maji kuna maneno, na maneno hayo sisi ndio tulioyachuma moja moja kutoka kwa watu wanaolia: moto uko wapi, kinaungua nini, kuna mtu ndani, gari lipitie njia ipi. Swali la pili ndilo watu walilolidharau. Kumbe nyumba ya makuti, tangi la mafuta na ghala la mbolea ni mioto mitatu tofauti. Mafuta huyamwagii maji, unayafunika kwa povu ili yakose hewa. Mbolea nyingine zikiungua hutoa moshi unaoua kabla moto wenyewe haujakufikia. Mkuu wa Kituo alinifundisha hayo yote akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, hakuwahi kunikaripia hata siku moja, na alipostaafu nilibaki nikimsikia nyuma yangu kwa muda mrefu.

Sasa niwaeleze jambo lililokula umri wangu. Enzi zetu mji ulikuwa na zimamoto wake, na bandarini kulikuwa na kikosi chao cha zimamoto. Wao walizoea matishari, yale majahazi bapa ya chuma yanayobeba shehena kati ya meli na gati, na walizoea mafuta na kemikali. Sisi tulizoea vibanda, masoko, ajali za barabarani na visima. Mipira yao ilikuwa na viungio vya kusukuma na kubana, yetu ilikuwa ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, kwa hiyo ukiwakutanisha bila kiungio cha kati, maji ya huku hayaendi kule. Redio zetu nazo zilikuwa kwenye masafa tofauti. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kila upande ulinunua vyake kwa wakati wake.

Ndipo wakubwa wakaamua awepo mratibu, mtu wa kusimama katikati. Wanaume wawili walipewa nafasi hiyo kabla yangu, wote wakaomba kuhamishwa. Mimi sikuomba kuipata wala kuikataa. Nilipewa meza karibu na geti la bandari, redio mbili, na kazi ya kupeleka maneno ya Afande Mkuu, yaani mkuu wa zimamoto wa mji, kwa Mkuu wa Usalama wa bandarini, na kuyarudisha. Walikuwa watu wema wote wawili. Waliulizana hali za watoto wakikutana msibani. Lakini ikija kazi, kila mmoja alichunga mpaka wake kana kwamba ni shamba la urithi, na mimi nilitembea juu ya mpaka huo kila siku.

Moto wa ghala la katani ulitukuta hivyo.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Ghala lilikuwa la mfanyabiashara mmoja aliyepanga. Lilisimama ndani ya uzio wa bandari, lakini ukuta wake wa nyuma ulikuwa ndio uzio wenyewe, ukitazama barabara ya mji. Ndani kulikuwa na marobota ya katani yaliyopangwa hadi karibu na paa. Moto wa katani hauna ndimi kubwa. Unaingia ndani ya robota na kukaa humo, unatafuna taratibu, na juu unaona moshi tu. Askari wetu wa mji ndio waliofika kwanza, wakaingia na mpira kwa mlango wa upande wa gati. Aliyewaongoza ndani alikuwa Hamisi, Mpemba wa Wete, mtu mpole aliyependa kuimba kaswida akiosha gari. Afande Mkuu alisimama barabarani. Mkuu wa Usalama alisimama upande wa gati. Katikati yao kulikuwa na ghala zima linalofuka, na mimi getini na redio mbili, moja kila mkono.

Lazima mjue kwamba katani ikinywa maji huvimba. Marobota yakivimba ndani ya ghala lililojaa hayana pa kwenda isipokuwa ukutani. Jambo hili kila mmoja wetu alilijua. Tulilisomea.

Hamisi aliniita. Sauti yake haikuwa na haraka.

"Dada Vero, huu ukuta wa barabarani wasukuma. Nimeutia mkono. Wasukuma."

Nilimpelekea Afande Mkuu maneno hayo: ukuta wa barabarani unasukumwa nje. Akajibu, "Ghala liko ndani ya uzio. Mwenye eneo ndiye anayeamua. Waulize wao kama tuwatoe."

Nikainua redio ya pili. Mkuu wa Usalama akasema, "Wale ni askari wa mji, Bi Veronika. Siwezi kumwamrisha askari wa mwenzangu. Muulize Afande."

Nikarudi kwa Afande. Nikarudi tena bandarini. Kila mmoja alisema kweli, kwa mujibu wa taratibu alizokabidhiwa. Na katikati ya kweli zile mbili nilimsikia Hamisi akikohoa, akasema polepole, "Dada, watujibuje?"

Nilimfikiria mke wake, Bi Asha, ambaye alikuwa jirani yangu pale Mabawa na asubuhi ile tu alikuwa amenigongea dirisha kuniomba chumvi. Nikaibonyeza redio.

"Hamisi, tokeni. Acheni mpira hapo hapo. Tokeni wote kwa mlango wa gati."

"Amri ya nani?"

"Ya wakubwa wote wawili."

Kisha nikamwambia Afande asafishe barabara, watu warudi nyuma. Hakuniuliza kwa nini. Askari wakaanza kutoka mmoja mmoja, weusi kwa moshi, na Hamisi alikuwa wa mwisho, kwa sababu kiongozi hutoka mwisho. Ukuta ulipokwenda, haukupiga kishindo nilichokitarajia. Ulilala barabarani kama mtu aliyechoka, na paa likafuata. Boriti moja ilimkuta Hamisi mlangoni, ikampiga bega.

Alipona, lakini mkono ule haukunyanyuka tena juu ya kifua, na mtu wa namna hiyo hawezi kubeba mpira wa maji. Nilipokwenda kumtazama hospitalini aliniambia, "Mwenyezi Mungu kakutumia, dada. Mkono si kitu." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu walinipongeza wiki nzima, na wiki nzima niliwaza zile dakika nilizopoteza kati ya redio mbili.

Halafu nikaitwa kujieleza. Kikao kilikuwa kikubwa, viti vingi, feni moja. Mwenyekiti akaniuliza nani alitoa amri ya kuwatoa askari. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi, na kuipoteza kazi. Kabla sijafungua mdomo, Mkuu wa Usalama alisimama.

"Nilimpa mimi," alisema.

Afande Mkuu naye akasimama. "Na mimi nilimpa," alisema. "Tulikuwa tumekubaliana."

Walikuwa hawajakubaliana kitu. Hilo lilikuwa neno la kwanza walilowahi kusema pamoja, nalo halikuwa la kweli. Lakini baada ya kikao walitoka wakiwa wameongozana, na siku zilizofuata walikaa mezani wakaandika kwamba kwenye moto wowote, ndani au nje ya uzio, amri itakuwa moja, ya mkubwa anayefika kwanza, na mwingine atakuwa chini yake mpaka moto uishe.

Msidhani hapo kazi ilikwisha. Karatasi haizimi moto. Miaka iliyobaki niliimaliza nikihakikisha kila gari linabeba kiungio cha kati, nikipigania masafa ya pamoja, nikipanga mazoezi ambayo kila mara upande mmoja ulikuwa na udhuru. Wakubwa wapya walikuja, na kila aliyekuja nilimweleza upya kuanzia mwanzo. Afande mmoja aliwahi kuniambia, "Bi mkubwa, unanichosha." Nikamjibu kwamba hata mimi najichosha, tuendelee. Hamisi alirudi kwao Pemba kulima mpunga. Mkuu wa Usalama alifariki, na Afande Mkuu ndiye aliyeshika jeneza mbele.

Nimestaafu sasa. Waliniaga kwa pilau na hotuba, wakanipa saa ya ukutani. Nikiulizwa kama ninaikumbuka kazi, ninasema hapana, na ninasema kwa moyo mmoja. Kuna uchovu ambao usingizi hauutoi. Umekaa mabegani kama mtoto mkubwa asiyetaka kushuka.

Juzi nilikuwa sokoni nikichagua nyanya. Moshi mweusi ukapanda upande wa bandari, na magari ya mji yakapita yakilia. Muuza nyanya akanigeukia. "Mama Zimamoto, kinaungua nini huko?"

Nilisubiri moyo wangu uende mbio. Haukwenda. Huko kulikuwa na mtu mwingine mwenye redio mkononi, na upande wa pili kulikuwa na mtu wa kumjibu.

"Sijui," nilisema. Nikaendelea kuchagua nyanya.