Mbawala Niliyempiga "mu Roho"

Mnicheke tu, maana mtaa wetu wote wa Panda, hapa Likasi, umeshanicheka. Jumapili baba mkwe, mwindaji wa kando ya ziwa Tshangalele, aliniazima upinde wake. Nikamlenga mbawala, mshale ukamwingia, akaruka, akatokomea majanini.

"Nilimupiga mu roho!" nikapiga kelele, yaani moyoni kabisa.

"Ngoya kwanza, muko," mzee akaniambia mimi mkwe wake. "Ile nyama iko nguvu."

Kungoja? Nilikimbia kijijini kwake, nikaagiza bukari, ugali wetu, ipikwe. Majirani wakaja na sahani zao. Nikasimama katikati yao, nikigonga kifua cha koti langu la abakosti kuwaonyesha mshale ulikoingia. Ghafla mbawala akapita uani mbio, mbwa nyuma yake, mshale wangu ukicheza karibu na mkia.

Mzee akafika akihema.

"Muko, kwenu Likasi nyama iko na roho ku mukia?"