Spika Niliyoitibu

Nina ugonjwa wangu mmoja wa siku nyingi: sipendi kuuliza. Mteja akinieleza shida ya chombo chake namwitikia kwa kichwa tu, huku moyoni nasema, lete, nitaona mwenyewe. Kule Tanga tabia hiyo ilinipa sifa ya fundi anayejiamini. Durban ilinipa aibu, na mpaka leo nikisikia gitaa la umeme likikoroma redioni nanyanyuka nikalizime.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye karakana ndogo mtaa wa Jacobs, hapohapo Durban, katikati ya viwanda, tukitengeneza ving'ora vya zamu na spika za kutangazia wafanyakazi. Kazi ile ilikuwa na sheria moja tu: sauti itoke safi. Mtu aliye nyuma ya mashine inayonguruma akiitwa jina lake, alisikie. Spika iliyokwaruza tuliing'oa karatasi yake ya mbele, tukabandika mpya, ya zamani tukatupa kwenye pipa. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilijijua kuwa hodari. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nyumbani nilikaa mtaa wa Berea, kwenye ghorofa moja na mzee wa Kikenya aliyefundisha chuo kikuu. Sote tulimwita Mwalimu. Nikimwamkia shikamoo kwenye ngazi alikuwa anacheka kwanza ndipo anaitikia, kwa sababu kwao, alisema, kijana akikuamkia hivyo kila siku ujue ana jicho kwa binti yako. Na binti hakuwa naye. Alikuwa mjane, na watoto wake wa kiume walishaoa Nairobi.

Miaka ya sitini Mwalimu alikuwa mwanafunzi Uingereza, akashikwa na kichaa cha bendi za roki za kule, na kichaa hicho hakikumtoka. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walimjia wagonjwa wenzake wawili: Mwingereza mstaafu kutoka Queensburgh, na mama wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, aliyesomea uuguzi Uingereza miaka hiyohiyo. Waliweka santuri, kisha wasiisikilize. Walibishana juu yake. Santuri ni uongo, walisema, bendi zile ulipaswa kuzisikia ukumbini.

Lakini kila mmoja alikuwa na ukumbi wake. Mama muuguzi alipanga foleni kwenye mvua tangu asubuhi, akaingia, na hakusikia wimbo hata mmoja, kwa kuwa wasichana walipiga mayowe mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa wa kwanza. Kesho yake wodini mgonjwa alimwita mara tatu asimsikie. Mwingereza yeye alisimama mbele ya spika ndefu kama kabati, na besi ikamgonga kifuani mpaka akadhani moyo umeruka mapigo. Mwalimu aliwasubiri wamalize ndipo aeleze ukumbi wake, chumba cha chini ya ardhi, jasho likidondoka kutoka darini, na gitaa ambalo halikuimba bali lilikoroma. "Kama mtu anataka kulia," alisema, "lakini hasira imemshika kwanza."

Mimi nilikaa pembeni na kikombe changu cha chai nikiwacheka kimoyomoyo. Watu wazima wanalilia kelele! Lakini sikukosa Jumamosi hata moja. Ugenini, nyumba ambamo unabishiwa na kupewa chai si jambo dogo.

Jumamosi moja wageni walipoondoka Mwalimu alinizuia. Akavuta kutoka nyuma ya sofa kasha zito lililofunikwa kitenge. Ilikuwa amplifaya, kikuza sauti cha gitaa, ya zamani, ya valvu za kioo, na spika yake humohumo ndani. Ilikuwa ya kijana wa Kiingereza aliyepanga naye chumba, mchana mpaka rangi wa nyumba, jioni mpiga gitaa, ambaye alimwachia alipohama na hawakuonana tena. Mwalimu aliibeba hadi Nairobi, kisha Durban. Ilikuwa imekufa miaka kumi na tano.

"Bwana fundi," akaniambia, "sikio la kushoto limeenda. Hili la kulia daktari amesema halitamaliza mwaka. Nataka nisikie hii kitu mara moja tu kabla sijafungiwa. Irudishe uhai, lakini sauti usiiguse. Iwache vile ilivyo."

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," nikajibu. Sikuuliza sauti yenyewe ilivyokuwa. Nilijua sauti ni nini, bwana, mimi ni mtu wa sauti.

Jumatatu niliibeba hadi Jacobs. Ugonjwa wake ulikuwa mwepesi: valvu moja imeungua, nyaya mbili zimeoza. Kufika mchana ilikuwa inawaka. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini nilifungua mgongo wa kasha nikaikuta karatasi ya spika imechanika, mipasuo mitatu kutoka katikati kwenda ukingoni. Nikasikitika kweli. Nikamwona Mwalimu anavyongoja kwa hamu chombo kilichotafunwa na panya bila yeye kujua.

Nilikuwa nafanya kazi na Mkongo mmoja, rika langu, zamani mwalimu wa hesabu Bukavu. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mpasuo mmoja.

"Ndugu, angaria muzuri," akasema. "Panya haiwezi kula droit, mustari moja hivi. Hii iko mutu alikata. Uliza mwenyewe kwanza."

"We nawe! Umeona wapi mwenye akili anachana spika yake mwenyewe?"

"Sijaona. Njo maana nasema uliza."

Nilikasirika. Mtu wa chaki anifundishe mimi spika! Nikang'oa ile karatasi, nikabandika mpya, nikaipanga vizuri mpaka sauti ikatoka nyororo kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ile ya zamani niliikunja nikaitia kwenye pipa. Alhamisi gari la taka likapita.

Jumamosi walikuwa wamevaa. Nasema hivyo kwa sababu niliona: Mwalimu alikuwa na tai, mama muuguzi sari ya hariri, Mwingereza amekuja na gitaa lake. Mwalimu alisogeza kiti hadi karibu kabisa, akageuza sikio la kulia. Mwingereza akapiga.

Ikatoka safi. Ikatoka tamu. Nilitabasamu nikingoja pongezi.

Mwalimu alimwinulia mkono Mwingereza apige tena. Akapiga. Mwalimu akaongeza sauti mpaka mwisho, vikombe vikalia mezani, na bado ilikuwa safi. Akanigeukia kwa upole ambao sitausahau.

"Ile karatasi ya mbele, iko wapi?"

Ndipo akanieleza. Mwaka wa mwisho wa masomo, yeye na yule mpaka rangi walisikia kwamba siri ya ule mkoromo wa ukumbini ni wembe. Wakafunga mlango, mwenye spika akaogopa kuharibu mali yake, Mwalimu ndiye aliyekata. Mipasuo mitatu. Wakapiga noti moja, mwenye nyumba akapanda ngazi mbio kuuliza nini kimelipuka. "Mimi nilidhani kila fundi anajua," akasema.

Hapo palikuwa pa kusema, Mwalimu, niliambiwa niulize nikakataa, nikaitupa. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Badala yake ulimi wangu ukasema, "Ilikuwa imeoza, Mwalimu. Nilipoigusa tu ikawa unga."

Mama muuguzi aliniangalia. Amekaa na wagonjwa maisha yake yote, nadhani alijua. Mwalimu akanishika bega. "Hata sisi tumeoza," akasema, na wote wakacheka ili nisiumie. Walijaribu kuchana ile mpya siku hiyohiyo, wakaipasua ovyo kwa kisu cha matunda. Ikatoa sauti ya kopo linaloburutwa. Mwalimu aliisikiliza mara moja, akaomba izimwe.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu alikuja mapema akakaa. Sikwenda Jumamosi iliyofuata. Sikwenda na iliyofuata. Nikawa natoka asubuhi kabla Mwalimu hajashuka ngazi. Kule Jacobs nilimsimulia Mkongo yote, akaendelea kuunga nyaya zake, na afadhali angenitukana. Siku moja tu, tukiwa tunakula, aliniuliza kama nimeshamwambia mzee ukweli. Nikasema bado. "Basi fanya haraka, ndugu," akasema, "juu ya ile masikio yake."

Nilifanya haraka kwa mwendo wangu. Ilipita miezi mitano.

Nilikwenda Jumapili mchana. Alifungua mlango mwenyewe, amekonda, akafurahi kuniona mpaka nikaona haya. Nilimwamkia, hakucheka wala hakuitikia, alinivuta mkono tu akanikalisha. Nikaona nikichelewa nitakimbia. Nikasema yote papo hapo, macho nimeyakaza kwenye zulia: karatasi haikuwa imeoza, ilikuwa nzima na mipasuo yake, mwenzangu alinionya, niliitupa kwa kiburi, kisha nikakudanganya mbele ya wenzako. Nisamehe, Mwalimu. Nilipomaliza kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama kwa makini, anatabasamu, anangoja. Akagusa sikio la kulia kwa kidole, akatikisa kichwa. Akanisogezea daftari lililokuwa mezani na kalamu juu yake.

"Andika," akasema kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejisikia. "Andika, nisome."

Nikashika kalamu. Nilikaa nayo muda mrefu, naye hakunihimiza. Kisha nikaandika: Nimepita kukujulia hali tu, Mwalimu.

Alisoma, akanishukuru, akainuka kwenda kubandika maji ya chai.