Crème ya solaire yangu

Bandugu, mucheke, lakini mimi njo nilishinda. Mudogo wangu Béa alisahau kwangu tube ya zamani yenye kuandikwa «crème solaire». Na mimi niko na solaire, ile plaque ya kukamata jua, ku mabati, njo inaendesha frigo ya jus yenye ninauzisha. Ile solaire ilikuwa imejaa vumbi. Nikasema: kumbe iko na crème yake! Nikapanda, nikaipakaa yote, ikabakia nyeupe pe. Saa sita, jua kali, frigo ikazima.

Béa akafika, bantu banangojea jus. «Yaya, ile crème yangu ya kulinda ngozi iko wapi? Ni ya mwaka jana, sijue kama ingali inakataza jua.»

Bantu bote bakaangalia ku mabati. Nikasimama kifua mbele: «Inakataza muzuri sana, Béa. Uliza frigo!»