Jina la Fakihi Kwenye Mistari Yake

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo natabasamu peke yangu. Nilikuwa binti mbichi, nimeajiriwa kwenye ofisi ndogo pale Rahaleo, tunatengeneza programu ya kompyuta ya kupimia korosho maghalani. Mkubwa wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Mikindani, mpole wa sauti lakini hapindishwi. Asifuye mvua imemnyea, na mimi ya mama yule ilininyea.

Sehemu ngumu ya programu aliiandika Fakihi, kijana wa Mpapura. Kichwa hasa! Ila katikati ya msimbo, yaani yale maagizo ya kompyuta, mwandishi huacha maelezo ya kibinadamu: hapa nimefanya hivi, kwa sababu hii. Kompyuta huyaruka, anayeyasoma ni mwenzako atakayekuja kurekebisha baadaye. Basi maelezo ya Fakihi yalijaa makosa ya tahajia, herufi zimerukwa, nyingine zimepandana. Kiswahili alikianzia shule, kwao ni Kimakonde kutwa. Nyumba njema si mlango, sawa, lakini mgeni huanzia mlangoni.

Siku hiyo ninayoikumbuka, kesho yake walikuwa wanakuja wageni kutoka wilayani kuisoma kazi yetu na kuchagua mtu wa kuipeleka maghala ya wilaya nzima. Fakihi aliitaka nafasi ile kuliko chakula. Mwenzetu Shaibu, kwa nia njema kabisa, akawahi asubuhi akayasahihisha maelezo yote bila kumwambia mwenyewe. Sasa programu zile zina kumbukumbu: kila mstari huonyesha jina la aliyeugusa mwisho. Fakihi alipofungua, maelezo yake yote yana jina la Shaibu. Hakugomba. Alizima kompyuta, akachukua mkoba.

"Kumbe nimekuwa wa kuonewa haya," alisema. "Bora nirudi Mpapura nikapalilie mikorosho."

"Jamani, mimi nimesaidia tu!" Shaibu akalalama.

"Umesaidia, baba, ahsante," Bi Zuhura akamjibu. "Lakini uani kwa jirani unaingia na ufagio bila hodi? Hata kama pamejaa majani, ukifagia hujaitikiwa umemtangaza mchafu."

Hilo sisi tunalijua tangu utotoni, ila hakuna aliyedhani linaingia mpaka ofisini. Akamwamuru Shaibu ayarudishe maelezo kama yalivyokuwa, na makosa yake. Kisha akavuta kiti hadi kwa Fakihi, aliyekuwa bado amepakata mkoba, akagonga meza kwa kidole.

"Hodi, mwenyewe."

Akagonga tena. "Hodi, baba."

Kijana akacheka bila kupenda. "Karibu, mama."

Wakakaa pamoja mpaka adhana ya alasiri. Mama anasoma kwa sauti, Fakihi anaandika kwa mkono wake. Wala hakusema "umekosea", alisema, "Hapa mgeni atajikwaa." Msimbo wenyewe hakuugusa hata nukta. Palipokuwa na neno la kwao ambalo wapima korosho wote wanalijua, aliliacha. Nikawa namtazama tu, nimesahau hata kazi yangu. Mkubwa wa ofisi, mwanangu, anaomba ruhusa ya kurekebisha mkato! Nilimpenda mama yule siku ile, na sijaacha.

Kesho yake wageni wakaja, wakasoma, wakatazamana. Mmoja akauliza, "Haya yaliyoelezwa vizuri hivi ni ya nani?"

Aliyejibu ni Shaibu, tena kwa sauti: "Ya Fakihi. Jina lake si hilo hapo?" Chanda chema huvikwa pete, kazi akapewa yeye.

Sasa ninyi wa leo mna mashine, inasahihisha kurasa nzima chai haijapoa. Vizuri. Sahihisheni, wala msiidharau kazi hiyo mkaiita ndogo, kwani kosa dogo la maelezo humpoteza njia mwenzako asiye na wa kumuuliza. Lakini mwanangu, mwendee mwenyewe kwanza. Mwambie pembeni, mpe nafasi arekebishe kwa mkono wake, na kazi ibaki yake mbele za watu. Ukimnyoosha mtu huku umemfuta, hujamsaidia.

Mungu akupe jicho la kuona kosa na adabu ya kuligusa. Na siku utakayokosea wewe, kwani utakosea, akujaalie mtu atakayekuja kwako kabla hajaenda kwa watu. Amina.