Wakfu wa Sanda

Siku hizi huja watu na kalamu zao kutuuliza kwa nini kishamba chetu hakitiwi mbolea ya dukani wala hakipulizwi dawa. Kaka yangu huwaeleza habari za minyoo na majani makavu, nao huandika kwa furaha. Mimi hunyamaza. Si kwamba sijui jibu. Nalijua, ila huanzia kwa maiti, na wageni wa asubuhi hawapendi kuanzia huko.

Kishamba chenyewe kiko upande wa Tudor, si mbali na Tononoka, chembamba, kina kisima kimoja na minazi ya kuhesabika. Si chetu. Bibi yake baba alikifanya wakfu: kisiuzwe, kisirithiwe, kisitolewe zawadi, na mapato yake yanunue sanda na kugharimia maziko ya kila atakayekufa mtaani kwetu Mji wa Kale bila ya jamaa. Kazi yetu wazao wake ni kukilima tu. Tulilelewa tukiambiwa kwamba kila maskini anayevishwa sanda iliyotoka katika mchicha ule, thawabu humfikia bibi kaburini kwake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwona kabisa, ameketi huko aliko, anasikiliza kama kuna anayebisha hodi.

Miaka ya tisini baba alifariki, na usimamizi wa wakfu ukamwangukia mama. Mimi nilikuwa nasomesha Bondeni. Kaka alikuwa amepunguzwa kazi bandarini, basi akashika jembe. Ni mtu wa haraka tangu tumboni. Mama alikuwa akisema alizaliwa kabla mkunga hajavua buibui. Baba alilima kizamani, kwa samadi na majani, na mchicha wake ulikuwa wa kadiri. Kaka alileta mbolea ya chumvichumvi kwa magunia, na bomba la kupulizia dawa, na mchicha ukafumka, majani mapana, hayana tundu hata moja. Marikiti wachuuzi walimkimbilia. Mtaani tukasifiwa, nami nikatembea kichwa juu kana kwamba nimelima mimi.

Lakini mchanga wetu ni wa pwani, mwepesi, juu ya matumbawe. Kilichokuwa kikiushika ni samadi ya miaka na miaka. Ilipokwisha ile, haukushika kitu tena: maji yalipita, mbolea ilipita, na kila msimu ikatakiwa zaidi ya msimu uliopita. Juu pakafanya ganda jeupe. Kaka akachota katika mfuko wa wakfu kununua magunia mengine, akiamini msimu ujao utarudisha. Haukurudisha. Mwishowe mchicha ukaota wa manjano, ukalala chini.

Mama akaenda kujionea. Alipiga magoti na buibui lake, akachota mchanga kwa kiganja, ukamwagika wote vidoleni.

"Mwanangu, bibi yenu alisemaje? Tule matunda, asili tusiiguse. Nasi tumeila asili."

"Hatukuuza hata shubiri, mama," kaka alijibu. "Mipaka iko pale pale alipoiweka."

"Mipaka naiona. Na kilokuwa ndani yake ki wapi?"

Kaka alikasirika, akasema wanawake hawajui kilimo. Nikamwambia hata wanaume wa bandarini hawakijui. Tulirudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Haukupita muda akafa hamali mmoja, mzee aliyebeba magunia Marikiti maisha yake yote na kulala kwenye baraza ya duka. Hakuna aliyejua kwao. Watu wa msikitini wakaja kwetu kabla ya adhuhuri, kama walivyokuwa wakija tangu enzi za bibi, wala hawana wasiwasi.

"Mama, tumekuja kwa ile amana," alisema mmoja wao kwa adabu, ameinamisha macho.

Mfuko ulikuwa mtupu, magunia yalikuwa yameumaliza. Mama aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa bafta nyeupe aliyorudi nayo kutoka Makka, iliyotoswa katika maji ya zamzam, aliyojiwekea kwa siku yake. Sikupata kuiona nje ya sanduku ila alipokuwa akiipa moshi wa udi. Nililia. Nilimwambia tungoje kidogo, tupite majumbani tuchange, mtaa hautashindwa.

"Mtaa utatoa, najua," alisema. "Lakini amana hii si ya mtaa, ni yetu." Akamkabidhi kaka ile bafta. "Kamvishe weye."

Kaka alimwosha yule mzee pamoja na wenzake, akakata bafta, akamvisha. Jioni alirudi na kipande kilichosalia, amekikunja vizuri kuliko alivyopata kukunja kitu chochote maishani mwake. Akakiweka mbele ya mama. Hakikumtosha mtu mzima. Kaka alikaa chini akikitazama, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe nilimsikia akilia.

Baada ya hapo hakuna gunia la mbolea lililoingia shambani. Alikusanya mavi ya mbuzi Bondeni, makapi ya kahawa kwa wauza kahawa, maganda ya madafu, matumbo ya samaki, makuti makuukuu yaliyoshushwa mapaani. Alisukuma mkokoteni mwenyewe vichochoroni, na Mji wa Kale hauachi kitu kipite bure. "Bwana bandari, leo umeshusha shehena gani?" walimwuliza. Naye akijibu, "Ya kunukia. Nikupimie?" Alipanda kunde katikati ya matuta, akayaacha majani yake yaozee pale pale. Misimu ile wakfu haukupata kitu, na maziko tukayagharimia kwa mshahara wangu na vibarua vyake. Nilinung'unika, sifichi.

Mchicha uliporudi ulikuwa mfupi, umetobolewatobolewa na wadudu. Marikiti wakaubeza. Mama akamwambia mchuuzi mmoja, "Mdudu kala, hakufa. Nawe hutakufa." Yule akacheka, akanunua. Taratibu mchanga ukaanza kushikana na kuwa mweusi, ukiuchota unabaki kiganjani. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Na watu wa msikitini walipokuja tena, kwa ajili ya mwanamke muuza viazi vya karai aliyekufa peke yake chumbani, kaka aliwatolea sanda iliyonunuliwa na mchicha.

Mama alipougua, kaka alimwambia kwamba sasa shamba linaweza kumrudishia bafta yake.

"Sanda ya wakfu ni ya wasio na mtu," mama alisema. "Mimi nina watu."

Kisha akatuambia kwamba baada yake msimamizi wa wakfu ni kaka. Niliumia. Mimi ndiye niliyesoma, mimi sikuharibu kitu, na kwa muda mrefu nilikuwa nimejiona mahali pale. Mama alinitazama, akajua.

"Huyu ameiona amana inavyokufa," alisema. "Weye umesikia tu."

Ugonjwa ule ndio uliomchukua.

Sanda yake tuliinunua mimi na kaka. Hata hitima haijasomwa, kaka akaonekana Bondeni na mkokoteni wake wa samadi, na watu wakaanza kuulizana ni mtoto gani huyu asiyekaa matanga ya mama yake. Nilimfuata mpaka shambani kwa hasira, nimepanga maneno yale yale ya watu. Nilimkuta anamwaga samadi juu ya matuta, machozi yanamtiririka, na mikono haisimami.

"Ungengoja hata hitima ishe," nilimwambia.

"Zamani alikuwa akingojea thawabu bibi peke yake," alisema. "Sasa wako wawili."

Nikafunga buibui langu kiunoni, nikashika upande wa pili wa mkokoteni.